Raba Haishikwi na Mzigo: Kubandika na Kubana Raketi ya Mpira wa Meza Nyumbani

Haya jamani, maiki inasikika huko nyuma? Sawa. Nimeombwa niongelee kubandika raba nyumbani, yaani ile ngozi yenye sponji chini yake inayobandikwa kwenye ubao wa raketi ya mpira wa meza, lakini karibu kila niliyesalimiana naye hapa mlangoni ana swali lilelile, "kocha, nikishabandika, juu niweke uzito gani?" Mmoja anaweka betri ya gari, mwingine ndoo ya maji, na kuna dogo hapa mbele kaniambia raketi yake inalala chini ya godoro na yeye juu yake, sasa hiyo ya godoro ndo mbaya kuliko zote, tutafika. Kwahiyo naanza na huo mzigo kabisa tuumalize.

Chukua raketi ya kawaida, ubao wake una urefu wa kama milimita 157 na upana 150, ukipiga hesabu eneo lake ni kama sentimita za mraba 185. Panga juu yake vitabu vya kilo 5. Gawanya. Kila sentimita ya mraba inapata gramu 27 hivi, ni kidogo sana hiyo, ukibonyeza meza kwa kidole tu umeshazidi. Sasa weka vitabu pembeni, chukua ule mti wa kusukumia chapati, ubonyeze kwenye raba kwa nguvu ya kilo 3 tu, wala hutoki jasho. Mti wa mviringo haugusi raba yote, unagusa kamstari kenye upana wa sentimita moja hivi na urefu wa 15, kwahiyo pale unapogusa kila sentimita inakula gramu 200. Mara saba ya vitabu vyako! Na unapita raba nzima kwa sekunde chache. Mnaona? Kazi ya kushikisha inafanywa na mti wa chapati na gundi iliyokauka vizuri, vitabu vina kazi nyingine kabisa na watu wengi wanavitumia kwa kazi isiyo yake.

Hii tabia ya kurundika mizigo nadhani imetoka kwa wazee wetu wa enzi za gundi kali. Nipite haraka hapa maana historia ya sponji ni ndefu, mwaka 1952 kule Bombay Mjapani Hiroji Satoh alichukua ubingwa wa dunia na raketi ya sponji nene watu hawajawahi kuiona, mpira haulii ukigongwa, wapinzani wakachanganyikiwa, na ilipofika 1959 ndo ikawekwa sheria ya unene, raba na sponji na gundi yote kwa pamoja isizidi milimita 4. Baadaye watu wakagundua ukipaka gundi ya viyeyusho, ile ya harufu kali, sponji inavimba na mpira unaruka kama umepigwa na mashine, basi wakawa wanabandika upya kabla ya mechi. Sponji ikivimba raba inajikunja, inataka kubanduka, lazima uigandamize. Sasa gundi hizo ITTF, shirikisho la mpira wa meza la dunia, walishazipiga marufuku, tangu tarehe 1 Septemba 2008 baada ya Olimpiki ya Beijing, kwa ajili ya afya za watu, na kwenye mashindano makubwa kuna kifaa cha kunusa hewa inayotoka kwenye raketi. Gundi imebadilika lakini mzigo tumebaki nao.

Tuliyonayo leo ni gundi ya maji. Kampuni za vifaa vya mchezo huu wanazo, Butterfly wana Free Chack, DHS wana namba 15, na nyingine nyingi, ndani yake kwa sehemu kubwa ni utomvu wa mpira kwenye maji, ukifungua inanukia amonia kidogo maana ndo inayozuia utomvu usigande ndani ya chupa. Inapakwa nyeupe, ikikauka inakuwa kama kioo, unaona mbao chini yake. Na tabia yake kubwa ni hii, ikishakauka pande zote mbili, kwenye ubao na kwenye sponji, zikigusana zinang'ang'aniana palepale, haingojei kesho. Ndo maana huhitaji mzigo wa kuikausha, maana mzigo haukaushi kitu, kinyume chake unaziba njia ya maji kutoka.

Kuna mtu lazima aulize gundi ya seremala, ile nyeupe ya mbao. Usifanye. Ikikauka inakuwa ngumu, siku ya kubandua raba inaondoka na nyuzi za ubao na sponji inachanika vipandevipande. Na ile ya fundi viatu inashika kweli, sikatai, lakini ina viyeyusho vilevile vilivyopigwa marufuku, na harufu yake ikinuswa inafanya nini mnajua wenyewe. Ukikosa kabisa gundi ya raketi tafuta gundi ya utomvu wa mpira, zile za kubandika zulia au kitambaa, Uingereza kuna wachezaji wanatumia Copydex miaka nenda rudi na hawana shida.

Sasa kupaka. Ubao kama ni mpya na uso wake unatoka nyuzi kirahisi, pitisha msasa mwembamba kidogo sana halafu vanishi tabaka moja jembamba, acha ikauke kabisa. Gundi dondosha katikati, sambaza na kipande cha sponji kwa mwendo wa haraka, upande mmoja kwenda mwingine, usirudirudi pale inapoanza kuganda maana inajikusanya vinundu, na kinundu kimoja chini ya raba utakiona mpaka siku ya kuitupa. Tabaka moja kwenye ubao linatosha, sponji inakunywa kwahiyo mara nyingi inataka mbili, na zile za Kichina sponji ngumu kama Hurricane wengi wanaenda hata tatu, sawa, ila kumbuka ile milimita 4, gundi nayo inahesabiwa, raba iliyoandikwa "max", yaani sponji yake ni nene kuliko zote, ukiipaka matabaka mengi unaweza kukuta umevuka mstari bila kujua.

Halafu subiri. Hapa ndo pwani inatuumbua. Maelekezo ya kwenye chupa yameandikwa na mtu wa nchi nyingine yenye hewa nyingine, ukiwa Dar au Tanga au Mombasa mwezi wa nne mvua zinanyesha, hewa yenyewe imejaa maji, gundi yako itachukua muda mrefu kuliko chupa inavyosema, ukiwa Iringa kipupwe kikavu inaweza kuwahi. Usiangalie saa, angalia rangi. Umeisha weupe wote? Na pembeni pia? Na kwenye vitundu vya sponji? Basi. Feni inasaidia, mashine ya nywele weka upepo wa baridi. Mtasema raba imejikunja kama bakuli baada ya kupakwa, ndiyo, sponji imekunywa maji imetanuka, ikikauka inarudi yenyewe, na hii ndo alama nzuri kuliko zote, raba ikiwa bado bakuli bado haijawa tayari.

Kulaza raba. Mmeshaona vijana wa simu wanavyobandika protekta kwenye kioo, anaanzia upande mmoja na anasukuma hewa mbele yake? Ni hivyohivyo. Anzia kwenye mpini, panga ukingo wa raba ulingane na pale mpini unapoanzia, gusisha hapo tu, iliyobaki ishikilie juu kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unasukuma mti taratibu kuelekea kichwani, raba inashuka kadiri mti unavyofika. Usiivute! Hapa nasema kwa sauti maana ndo chanzo cha kesi nyingi za "kocha raba yangu inabanduka pembeni", raba ukiivuta ikalala imenyooshwa, usiku kucha inajaribu kurudi saizi yake, asubuhi kingo zimeachia na wewe unalaumu gundi, jioni unaongeza matofali. Tofali haliwezi kushindana na raba inayovuta masaa 24.

Sasa turudi kwenye kubana, maana sikusema msibane, nimesema mjue mnabana nini. Unabana ubao. Mbao ikilowa uso mmoja, uso ule unatanuka, ule mkavu haujatanuka, basi ubao unapinda. Ukipaka gundi ya maji upande mmoja leo, upande wa pili ukasema Jumamosi, umeutengenezea ubao wako mazingira ya kupinda, hasa hizi mbao nyembamba za tabaka tano. Bandika pande zote siku moja, gundi sawa na sawa, halafu ndo ibane usiku mmoja ili wakati unyevu wa mwisho unatoka ubao uwe hauna pa kwenda. Hiyo ndo kazi ya vitabu. Kilo 3, 4, 5, inatosha. Ukizidisha sana unaminya sponji, na sponji ndo pesa uliyolipia.

Lakini vitabu viwe juu ya nini? Haya, hapa nimekuja na raketi, iangalieni kwa ubavu. Mpini una unene wa milimita 23 hivi, ubao 6, yaani mpini umezidi ubao kwa milimita nane na nusu kila upande. Raba ina 4. Ukiilaza mezani kama ilivyo, mpini unagusa meza, kichwa kinagusa meza, na katikati hapo karibu na mpini pana uwazi. Unaona? Sasa weka betri ya gari juu. Umejenga daraja halafu umepitisha lori, mbao itapinda tu. Na godoro ndo kabisa, chini chaga zimeachana, juu godoro linabonyea linapotaka, na mlalaji anageuka usiku, hakuna hata sehemu moja iliyonyooka pale ndani. Dogo, pole, lakini kesho iangalie hiyo raketi.

Dawa yake ni rahisi. Nenda kwa fundi seremala, muombe vipande viwili vya marine au MDF vya milimita 18, saizi ya sentimita 20 kwa 20, ni mabaki tu hayo anaweza kukupa bure. Hakikisha havijapinda, vilaze juu ya kioo uone vinacheza au havichezi. Raketi inakaa katikati ya vipande viwili, mpini wote unabaki nje, haugusi chochote, halafu vitabu juu, basi. Ukiwa na klampu unaweza kutumia, lakini kaza kwa vidole viwili tu na uweke klampu zaidi ya moja zisambae, klampu moja katikati ikikazwa kwa hasira inaacha kovu kwenye sponji. Kati ya raba na mbao weka ile plastiki iliyokuja nayo. Usiweke gazeti, raba zinazonata zinabeba wino wote, utacheza na habari za juzi.

Kwanini nakazania kunyooka? Maana ni sheria, sio urembo. Kwenye ukaguzi wa raketi wa kimataifa uso ukibonyea ndani unasamehewa mpaka milimita 0.5, ukivimba nje ni 0.2 tu. Na kipimo unacho nyumbani, karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya raba, ipite katikati, tazama dhidi ya mwanga. Kama katikati pana uwazi jaribu kupenyeza karatasi, tano zikipita kwa raha uko mpakani. Kama rula inacheza kama bembea uso umevimba, karatasi mbili ukingoni zikiingia bila kusukumwa tafuta raketi nyingine ya mechi. Na raketi ya akiba muwe nayo jamani, Wang Chuqin wa China, namba moja wa dunia wakati ule, kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa anashangilia dhahabu ya mseto, ile ya mwanaume na mwanamke pamoja, mpiga picha akamkanyagia raketi, kesho yake Wang akaingia na ya akiba akatolewa na Truls Möregårdh wa Sweden.

Ndiyo dada, uliza. Raba za vipele je, zile ambazo vipele vyake vimeelekea nje? Vipele vifupi vyenye sponji ni hivihivi. Vipele virefu, hasa visivyo na sponji, sahau kabisa habari ya vitabu, vipele vikilazwa usiku kucha vinaweza kuzoea kulala. Tumia mkono au mti, nguvu ndogo, mwelekeo mmoja, imetoka.

Nani tena? Eh, mzee wangu anauliza kapovu ka hewa kamebaki katikati afanyeje. Kama ni sasa hivi umetoka kubandika, bandua taratibu kuanzia mpini mpaka ukifikie, laza upya kwa mti. Kama ni ka jana na ni kadogo, kaache. Wapo wanaotoboa kwa sindano, mimi sishauri, raba iliyotobolewa mwamuzi ana haki ya kuiuliza. Na ukikandamiza, kapovu kanahamia pembeni tu, hakaishi, tena kanabanduabandua njiani.

Kukata kingo kila mtu anajua, wembe mpya, ubao juu ya kipande cha mbao, raba chini, fuata ukingo wa ubao mkato mmoja usiosimama. Kata baada ya kubana, kabla ya kubana kingo bado zinahama.

Haya, gundi iko hapa mezani, ubao upo, mti wa chapati nimeazima kwa mama wa kantini na anautaka saa kumi. Nani anaanza?