Hesabuni Mikanju Kwanza

(Mhadhara uliotolewa Kilifi mbele ya wakulima, mafundi na wanafunzi. Umeandikwa jinsi ulivyozungumzwa.)

Shikamooni wazee, hamjambo vijana, na mama zangu mlioko kule mlangoni sogeeni mbele bana viti vipo, mimi sauti yangu si ya muadhini na hiki kipaza sauti kishakatika mara mbili tangu kikao kianze.

Haya. Nimepewa mada ndefu, iko hapa kwenye karatasi, "juhudi za serikali kuvutia wawekezaji wa viwanda na ajira mashinani." Nilivyoisoma jana usiku nikacheka peke yangu, manake hilo neno kuvutia ndilo ugonjwa wenyewe. Twavutia wawekezaji kama muuzaji anavyovutia wateja sokoni, njoo kaka njoo dada bei ya kutupa, na ukienda kwenye meza yake haina hata nyanya moja. (Kicheko.)

Najua mlitarajia nianze na EPZ, yale maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na misamaha ya ushuru, tutafika huko msijali. Naanza na korosho, kwa sababu tuko Kilifi, na humu ndani kuna watu wamesomeshwa na korosho mpaka wakavaa suti, mimi mmoja wao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akichoma korosho nyuma ya nyumba. Alikuwa na debe kuukuu limetobolewa matundu chini, anaweka juu ya mafiga, moto wa makuti, anakoroga na mti mrefu huku uso kaugeuza pembeni, manake lile ganda la korosho lina mafuta makali, yakishika moto korosho zinawaka zenyewe kama mshumaa na moshi wake ni mweusi tititi. Zikiwaka vizuri anamwaga mchangani anazifukia moto uzime, halafu ndio twakaa chini na vijiti tunagonga moja moja. Viganja vyake mpaka anakufa vilikuwa na mabaka ya yale mafuta, anapaka majivu, anaendelea. Na kugonga kwenyewe kuna ufundi, ukigonga kwa hasira punje inapasuka, na punje iliyopasuka bei yake si ile. Huko nje wanazipanga kwa daraja, W320 kwa mfano maana yake punje nzima kama 320 zinaingia kwenye ratili moja. Kilo 4 au 5 za korosho mbichi ndizo zinakupa kilo 1 ya punje.

Kwa nini nawapa habari za bibi yangu? Kwa sababu ajira ya korosho iko pale pale, kwenye kubangua, kumenya ngozi, kuchambua, na kazi hiyo duniani kote wanaifanya sanasana akina mama. Ukiuza korosho na ganda lake umeuza pia ile kazi, inaenda kufanywa India au Vietnam na mtu mwingine anayelipwa mshahara.

Sasa serikali hili ililijua zamani sana, tusiiseme vibaya. Miaka ya 70 kikajengwa kiwanda cha korosho hapa hapa Kilifi. Watu walikula hapo, walijenga hapo, walioa hapo. Miaka ya 90 kikafa. Na mikanju, yaani mikorosho, ikaanza kuzeeka bila mwenyewe, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukaila, nyingine ikakatwa ikawa makaa, nyinyi wenyewe mnajua ni ya nani sitataja. (Kicheko.)

Halafu ikaja 2009. Serikali ikapitisha sheria, korosho na makadamia marufuku kutoka nje zikiwa mbichi, zibanguliwe hapa hapa Kenya, ajira zibaki hapa. Sheria moja, mwaka mmoja, mazao mawili. Hii ndio sehemu nataka muisikilize hata kama mtalala kwenye zile nyingine.

Huko Murang'a, Embu, Meru, Kirinyaga, sheria ile ilishika. Viwanda vya makadamia ambavyo zamani ulivihesabu kwa vidole vya mkono mmoja vikaongezeka mpaka vikapita 20. Hapa Pwani, sheria ile ile, hakukutokea kitu cha kulinganisha na hicho. Tofauti ni nini? Si gavana, magavana walikuwa hawajakuwepo, ugatuzi ulikuja na katiba ya 2010 na kaunti zikaanza kazi 2013. Tofauti ni miti. Kule watu walikuwa washaanza kung'oa kahawa au kupanda makadamia katikati ya kahawa, miti michanga, inazaa. Huku tulikuwa na mikanju ya babu zetu. Ukipiga marufuku kuuza nje kitu ambacho huna, umewasaidia nani?

Na hata wale wa makadamia wasijisifu sana, 2022 kuelekea 2023 soko la dunia likaanguka na bei shambani ikashuka chini ya shilingi 50 kwa kilo, mtu alikuwa amezoea mia na zaidi, na mkulima hawezi kumuuzia mnunuzi wa nje kwa sababu sheria imemfungia na wenye viwanda. Mpaka serikali ikabidi ifungue mlango kwa muda. Kwa hiyo ile sheria ina makali pande zote mbili, inamlinda mwenye kiwanda na mkulima ndiye anayemlipia huo ulinzi. Mimi si mpinzani wake lakini nataka tuseme ukweli ni nani anatoa pesa mfukoni.

Twende kwa jirani kidogo. Ndugu zetu wa Mtwara na Lindi walipitia haya kwa ukubwa wa kutisha. Tanzania msimu wa 1973/74 ilivuna korosho kama tani 145,000. Serikali ikaona, aa, tubangue wenyewe, ikakopa pesa nje, ikajenga viwanda 12 vikubwa, mashine za kisasa. Na wakati matofali yanapanda, korosho zinashuka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho yao imebaki kule porini mbali, bei ya mkulima ni ya kukatisha tamaa, na ubwiri unga ukaingia. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kama tani 16,000 na ushee. Viwanda 12, na korosho ambazo hazitoshi hata viwili kufanya kazi mwaka mzima! Vikageuka maghala, mashine zikashika kutu. Kilichokuja kurudisha zao hakikuwa kiwanda, ni unga wa salfa wa kupulizia, miche bora ya watafiti wa Naliendele, na bei kupanda. Yaani shamba. Na mpaka leo korosho nyingi za kule zinaondoka na maganda yake.

Ngoja tufanye hesabu, naomba ile chaki. Tuseme kesho anakuja mwekezaji, mtu mzuri, ana pesa zake, anataka kiwanda cha kubangua tani 10 kwa siku, ambacho si kikubwa. Afanye kazi siku 300. Hiyo ni tani 3,000 kwa mwaka, yaani kilo milioni 3. Mkanju mzee ambao haujapogolewa wala kupulizwa dawa, tuuhesabie kilo 5, na mimi hapo nimekuwa mkarimu. Milioni 3 gawa kwa 5... laki 6. Miti laki 6, na yote auziwe yeye, asiingie mchuuzi hata mmoja na lori lake usiku. Mti huo huo ukitunzwa ukatoa kilo 15, anahitaji laki 2 tu. Umeona? Ile kazi ya kupogoa na kupuliza dawa imekupunguzia miti laki 4. Hakuna msamaha wa ushuru unaofanya muujiza huo.

Mwekezaji akija, hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuulizi kama una geti. Anauliza utanipa tani ngapi wakati msimu umeisha. Sisi tunamjibu kwa kumuonyesha geti.

Na hapo sasa ndio naingia kwenye mambo ya leo. Tangu 2023 kuna huu mpango wa CAIP, yaani County Aggregation and Industrial Parks, zile bustani za viwanda za kaunti, serikali kuu inatoa milioni 250, kaunti inatoa milioni 250, jumla nusu bilioni, awamu ya kwanza kaunti 18. Kwa karatasi wazo lenyewe ni zuri, soma jina lake, linaanza na kukusanya mazao kabla ya kiwanda. Mimi niliposoma nikasema hawa safari hii wamefikiria. Lakini nendeni mkatazame kinachotangulia kujengwa. Ukuta. Geti. Mabohari. Jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa. Manake ukuta unapigwa picha jamani, kupogoa mikanju elfu 40 huwezi kukata utepe! (Makofi.)

Na si mara ya kwanza. Wangapi mnakumbuka zile shedi za jua kali za 2009 na 2010, kila eneo bunge lipewe yake? Nyingi zilikaa miaka bila stima, bila mashine, mbuzi ndio walikuwa wapangaji. Na kaunti zenyewe pesa hazina. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 ziligawiwa bilioni 415, ukigawa sawasawa ni kama bilioni 8 na kitu kila moja, toa mishahara, toa dawa za hospitali, na pesa yenyewe kutoka hazina inachelewa miezi. Milioni 250 ukiizika kwenye saruji hairudi.

Mtaniambia mbona Athi River imefaulu. Ni kweli, EPZ ilianza na sheria ya 1990, mwekezaji halipi kodi ya mapato miaka 10, na leo EPZ zote zimeajiri zaidi ya watu elfu 60, wengi akina dada wa cherehani wanaoshona nguo za Marekani kwa sababu ya AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, iliyoanza 2000. Lakini Athi River iko kando ya barabara ya Mombasa, reli iko hapo, Nairobi hiyo unaiona, na kitambaa chenyewe kinatoka nje na meli. Haikuhitaji shamba la mtu. Kiwanda cha namna hiyo hakina sababu ya kukufuata Bamba au Ganze hata umpe miaka 20 bila kodi. Waethiopia walijaribu na Hawassa, wakajenga bustani kubwa ikafunguliwa 2016, wakaleta wasichana kutoka vijijini, mshahara wa kuanzia kama dola 26 kwa mwezi, wengi waliondoka kabla mwaka haujaisha manake kodi ya chumba na chakula vilimaliza yote. Halafu vita, halafu 2022 AGOA ikafungwa kwao. Ajira ile inayokuja kwa ndege inaweza kuondoka kwa ndege.

Stima sitaizungumzia sana, mafundi mko hapa mnajua kuliko mimi, mota ya kiwanda haizunguki kwa stima ya kuchajia simu, inataka fezi tatu, na nguzo za fezi tatu zinaishia barabarani. Sesi nayo, ule ushuru wa mazao wa kaunti, lori la maembe linatoka shamba linalipa, linavuka kaunti linalipa tena, na risiti ya kule huku haitambuliki. Gavana huyo huyo anayesafiri Dubai kutafuta mwekezaji ana askari wake kwenye kizuizi cha barabarani wanamfukuza. Haya tuachie maswali.

(Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza: sasa sisi tungoje miti ikue mpaka tuzeeke?)

Swali zuri na una haki ya kukasirika. Mche wa korosho uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti bora, unaanza kuzaa kama mwaka wa 3, KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa wanayo hiyo elimu. Lakini kazi yenyewe haingoji miaka 3. Kubebesha ni kazi, kitalu ni kazi, kupogoa ni kazi, mtu mwenye pampu ya mgongoni na dawa akizunguka mashamba 10 msimu wa maua ana kazi leo. Mimi ningekuwa na ile milioni 250, nusu ningewapa vijana wenye misumeno na pampu, nikawalipa kwa mti. Mwenye kiwanda akija miaka 3 baadaye atakuta tani, na ukuta atajenga mwenyewe, pesa anazo.

(Mama mmoja aliuliza: na hiyo mizani itakuwa ya nani?)

Eeh mama. Nilijua utaniuliza, umenitazama hivyo tangu nianze. (Kicheko.) Ni kweli, mimi nikiwa kijana niliwahi kuwa karani wa mizani, kampuni siitaji, na mizani ile ilikuwa ikila, kila gunia kilo 2 au 3, nami nilijua na nikaandika. Mkulima akiibiwa kwenye mizani mara mbili, mara ya tatu anampa mchuuzi, na hapo kile kiwanda chenye miti laki 6 kimebaki na laki 3. Nimeona kiwanda kikikauka hivyo, nikiwa nimeshika kalamu.

Jibu langu ni hili. Jumamosi kuna mnunuzi anakuja pale sokoni kupima. Nitakuwepo mapema. Kila mmoja wenu aje na pakiti ya sukari ya kilo 2, ile ya dukani, haijafunguliwa. Kabla gunia hata moja halijapanda, tunaanza na sukari.