Siasa Imelala kwenye Tanbihi

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nieleze safari yangu katika utafiti wa sera za kimataifa za vyombo vya habari na teknolojia ya mawasiliano. Nitaifupisha kwa kusema kwamba nusu yake ya kwanza niliipoteza nikisoma hotuba. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili, na leo mtanivumilia tena.

Tasnifu yangu ilihusu ripoti ya Tume ya MacBride ya mwaka 1980, ile iliyoandikwa kwa ajili ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ikitaka habari na mawasiliano duniani yagawanywe kwa haki zaidi, ambayo sitaieleza zaidi kwa kuwa kila aliyemo humu ameisoma, au walau amewahi kudai hivyo. Niliandika sura nzima juu ya ugomvi uliofuata, hadi Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa mwaka 1984 na Uingereza ikaifuata mwaka mmoja baadaye, nikajiona nimemaliza kazi. Siku ya utetezi, mtahini mmoja aliyesomea uhandisi wa redio alinisogezea jedwali la mgawanyo wa masafa ya redio, yaani nani atumie mawimbi yapi kwa kazi gani, lile lililo katika Ibara ya 5 ya Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, akaniomba nimsomee ukurasa mmoja tu. Niliikuta dunia imegawanywa kanda tatu, Afrika ikiwa kanda moja na Ulaya, na chini yake zimepangwa tanbihi zenye namba, nyingi zikitaja nchi zilizojipatia matumizi tofauti au ya ziada katika masafa fulani. Akaniuliza, "Jina la nchi hii liliingizwaje hapa, na majirani zake walipewa nini ili wakubali?" Nilinyamaza. Nilikuwa na kurasa mia tatu juu ya siasa, na siasa yenyewe ilikuwa imelala pale, kwa herufi ndogo.

Najua yupo anayenong'ona huko nyuma kwamba hayo ni mambo ya wahandisi. La hasha! Setilaiti iliyo juu ya Ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786 huonekana kana kwamba imesimama mahali pamoja, na kwa kuwa setilaiti zinazokaribiana mno huku zikitumia masafa yale yale huingiliana, nafasi za huko hugombewa. Mwaka 1976, mjini Bogotá, nchi kadhaa za Ikweta, Kenya na Uganda zikiwemo, zilitangaza kwamba sehemu ya mzingo huo, yaani njia ya setilaiti hizo angani, iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Dai hilo halikukubaliwa. Hata hivyo hofu iliyolizaa, kwamba mwenye roketi atafika kwanza na kuzimaliza nafasi zote, haikuwa ya kipuuzi, kwani mkutano wa ITU uliofanyika kwa awamu mbili, mwaka 1985 na 1988, uliishia kuitengea kila nchi nafasi yake, hata ile isiyo na setilaiti. Sasa niambieni, huo ulikuwa uhandisi au siasa?

Nilikusudia kuuchambua pia mkutano wa ITU wa Dubai wa mwaka 2012, ambapo nchi 89 zilitia saini kanuni mpya za mawasiliano ya kimataifa na 55 hazikutia, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa, na mikongo ya baharini, zile nyaya za mawasiliano, nayo itasubiri siku yake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nakala za jedwali ziko mezani pale mlangoni: kila mmoja achague tanbihi moja, na wiki ijayo anieleze ni nani aliyeiomba.