Kunakili "Waokota Masuke" kwa Rangi za Mafuta

Karibuni tena, wapenzi wa brashi. Leo tunanakili kazi ambayo sijawahi kuichoka: "Waokota Masuke" ya Jean-François Millet, ya mwaka 1857. Iko katika makumbusho ya Orsay, Paris. Wanawake watatu wanaokota masazo baada ya mavuno, na kule nyuma kwenye mwanga mavuno yenyewe yamerundikwa, na msimamizi yuko juu ya farasi. Ukiipata picha hii, umejifunza mwili wa mtu na shamba kwa mkupuo mmoja.

Ya asili ina sentimita 83.5 kwa 110. Mimi nimechukua nusu, 42 kwa 55. Usitumie turubai ya umbo lingine. Wanawake watarefuka au watabanwa. Gawa picha na turubai mara nane kila upande, chora kwa mkaa. Hapa nimekimbiza video.

Sasa tabaka la kwanza: rangi ya kahawia iliyolainishwa kwa tapentaini tu. Mafuta ya kitani bado! Tabaka la chini likiwa na mafuta mengi kuliko la juu, la juu hukauka mapema, la chini likiendelea kujivuta, na rangi inapasuka. Finya macho, panga giza na mwanga, acha likauke.

Anga na shamba ni kazi nyepesi. Kadiri unavyokwenda mbali, rangi ipauke. Marundo yale usiyachore suke kwa suke.

Ngoja... rangi mbichi inamulika, hamwoni kitu. Nainamisha turubai. Haya, sawa.

Tumefika mgongoni kwa huyu wa kilemba cha buluu. Punguzeni mwendo. Nakala yangu ya kwanza iliharibikia hapa: niliuzungushia mgongo mstari mweusi, akawa kama amekatwa kwa mkasi na kubandikwa shambani. Usichore mstari. Weka rangi ya nguo, weka rangi ya shamba hadi zigusane, kisha chukua brashi kavu na safi, ipitishe mara moja penye mpaka. Mara moja! Ukirudia unapata tope.

Nyeusi ya tyubu siitumii kwenye vivuli vya sketi. Buluu ya ultramarini na kahawia zinatosha, na kivuli kinabaki na uhai.

Sogeeni muone mkono huu unaogusa ardhi. Vidole sikuvihesabu: doa moja la nyama, doa moja la giza chini yake, basi. Na hawa wawili walioinama wabaki chini ya mstari wa upeo. Shamba linawalemea, na uzito wote wa picha uko hapo.

Subiri, pale mgongoni, naona kwenye kamera mpaka umekuwa mkali tena. Mnaona? Brashi kavu, pitisha mara moja, ondoa mkono.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani msivikunje mkavitupa pipani. Vinajipasha joto hadi vinawaka moto vyenyewe. Vitandazeni nje vikauke, au vizamisheni kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Mimi naanika vyangu sasa hivi, turubai naiacha ukutani hadi tabaka hili likauke, ndipo tuje kumalizia vilemba.