Saa Husimama kwa Gurudumu la Tatu

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nawasalimu. Nimefurahi kurudi Moshi, nilikojifunzia baiskeli ya baba nikipenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, maana kiti kilinishinda urefu.

Mmeniomba niseme juu ya mbio za baiskeli za kufukuzana kwa timu. Nilizishiriki miaka tisa nikiwa mchezaji wa ridhaa, mchana kazini ghalani, jioni kwenye velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, ya Manchester, Uingereza. Njia yake ni ya mbao, mita 250 kuzunguka, na kwenye kona imeinama nyuzi 42 na nusu. Siku ya kwanza niliona ukuta. Baiskeli haina breki wala gia. Gurudumu likizunguka, na miguu inazunguka. Ukisahau ukaacha kukanyaga, inakurusha.

Timu mbili za watu wannewanne huanza pande zinazotazamana. Kilomita 4, mizunguko 16. Wa mbele anapasua upepo, wenzake wamejibanza nyuma yake. Zamu yake ikiisha anapanda juu kwenye kona, wenzake wanapita chini, naye anateremka kushika mkia. Akichelewa kidogo tu, pengo la mita mbili linammaliza. Mimi nilikuwa natazama tairi la nyuma la mwenzangu, kiganja kimoja mbele yangu, basi.

Msimu wa kwanza niliharibu. Zamu yangu ilifika nikiwa na nguvu, nikaongeza kasi. Kuja kutazama, nimebaki na mtu mmoja nyuma. Kocha hakunigombeza. Alinipa saa, nikakaa pembeni jioni tatu nikipima mizunguko ya wenzangu, hadi nikaweza kukisia sekunde kwa kusikiliza mbao zinavyonguruma.

Sasa sikieni hili. Saa husimama gurudumu la mbele la mtu wa tatu likivuka mstari. Wa tatu! Kwa hiyo wa nne anaruhusiwa kujimaliza, na wa nne nilikuwa mimi. Ikibaki mizunguko minne nakaa mbele na kuvuta mmoja na nusu kwa pumzi yote iliyobaki, kisha napanda juu na kuwaacha waende. Watazamaji walinipa pole, wakidhani nimeachwa. Kumbe ile ndiyo kazi niliyoifanyia mazoezi mwaka mzima, na niliipenda kuliko kitu chochote.

Muda wetu bora ulikuwa dakika 4 na sekunde 39. Australia, kwenye Olimpiki ya Paris 2024, walitumia 3:40.730, yaani zaidi ya kilomita 65 kwa saa. Ni wanne vilevile, na saa yao nayo ilisimama kwa gurudumu la tatu.

Velodromu hapa hatuna. Barabara ya Boma Ng'ombe tunayo, na upepo upo. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, malori yakiwa bado machache, nataka vijana watatu na baiskeli yoyote, hata ile ya kubebea ndizi, mradi breki zinashika. Nafasi ya nne nitakaa mimi.