Miwani ya Baraka

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu ya picha za pande tatu: kupiga, kuunganisha, kutazama. Ila kwanza...

BARAKA: Dada, usianze.

ZUHURA: Juzi nimempelekea Baraka picha yangu ya kwanza, mdogo wangu kakaa kitini. Bwana huyu akavaa ile miwani ya rangi mbili, akaitazama picha wee, akaguna: "Hii kali!" Kumwangalia vizuri, miwani kaigeuza!

BARAKA: Ya karatasi ile! Mbele nyuma sawasawa.

ZUHURA: Nyekundu kushoto, samawati kulia. Kumbuka moyo: damu, upande wa kushoto.

BARAKA: Kushoto kwangu, au kwa anayenitazama?

ZUHURA: Ya Rabi.

BARAKA: Nauliza tu! Lakini nilichokiona nilikiona. Ukuta ulikuja mbele ya kiti, na kiti bado kimeuziba. Macho yakaanza kuuma.

ZUHURA: Lazima yaume. Picha ni mbili ndani ya moja, kila jicho na yake: ya jicho la kushoto nimeiweka kwenye wekundu, ya kulia kwenye kijani na buluu. Kioo chekundu kinapitisha wekundu tu, cha samawati kinauzuia. Ukigeuza, kila jicho linapata picha ya mwenzake. Mbali panakuwa karibu.

BARAKA: Sasa mbona uso wa mdogo wako haukubonyea? Pua ilitakiwa iingie ndani.

ZUHURA: Hapo umeuliza. Ubongo umezoea nyuso mno, uso uliobonyea haukubali. Macho yanasema shimo, wenyewe unaona pua.

BARAKA: Kumbe hata ubongo wangu ulijua miwani imegeuka.

ZUHURA: Ulijua, haukukwambia.

BARAKA: (anacheka) Haya, ulipigaje? Una simu moja tu.

ZUHURA: Unaegemea mguu wa kushoto, unapiga. Unahamia wa kulia, unapiga. Kamera isogee kama nafasi ya kati ya macho, sentimita 6 na nusu hivi, na isipande wala kushuka. Mdogo wangu alikaa kimya kama sanamu, pazia ndilo likatikisika. Ukivaa miwani, pazia linametameta.

BARAKA: Kwangu halikumeta.

ZUHURA: Kwako kila kitu kilikuwa kinameta!

BARAKA: Nina lawama lakini. Ulipoigeuza miwani ikakaa sawa, kila kitu kikazama nyuma ya skrini. Mkono wa mdogo wako hautoki. Miwani ya nini, basi?

ZUHURA: Skrini ni dirisha, unachungulia ndani.

BARAKA: Nimevaa karatasi usoni nichungulie dirisha? Kitu kinirukie!

ZUHURA: Ule mkono umekatwa na ukingo wa picha. Ukiutoa nje, kitu kilicho mbele ya dirisha kinakatwaje na fremu iliyo nyuma yake? Jicho linagoma.

BARAKA: Basi usikate mkono. Piga wote.

ZUHURA: Kila picha iwe mtu anakunyooshea kidole?

BARAKA: Ndiyo.

ZUHURA: Utachoka picha ya tatu.

BARAKA: Na wewe nimekuchoka ya kwanza. Si kusogeza picha moja kando kidogo tu, mandhari yote ikaja mbele?

ZUHURA: Ni hivyo tu, na sisogezi.

BARAKA: Nitaisogeza mwenyewe.

ZUHURA: Usiitie jina langu.

BARAKA: Dakika zimebaki mbili, na kuunganisha hatujagusa.

ZUHURA: Wala historia! Wheatstone, mwanasayansi Mwingereza, alionyesha mwaka 1838, kwa vioo vya kujitazamia, kwamba picha mbili bapa zinatoa kina. Rollmann, Mjerumani, akaja na rangi mbili mwaka 1853. Nilikuwa na karatasi nzima hapa.

BARAKA: Wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo ulisema ni maikrofoni.

BARAKA: Basi hiyo nyingine. Wasikilizaji, mkitengeneza zenu tutumieni. Zinazoruka.

ZUHURA: Zinazozama!

BARAKA: Na miwani, nyekundu kulia...

ZUHURA: Kushoto!

BARAKA: Kushoto kwa nani?