Zhou Xuan, Sauti ya Dhahabu ya Shanghai

DADA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunamzungumzia Zhou Xuan, mwigizaji na mwimbaji wa Shanghai aliyecheza filamu zaidi ya 40 na kurekodi nyimbo zaidi ya 200. Kaka, naomba tuanzie dirishani, kwa kuwa ndipo Wachina wengi walipompenda.

KAKA: Na tuanzie hapo, dada yangu. Filamu inaitwa Malu Tianshi, yaani Malaika wa Mitaani, iliyoongozwa na Yuan Muzhi mwaka 1937. Zhou Xuan ni Xiao Hong, binti aliyekimbia nyumbani kwao kaskazini-mashariki mwa China baada ya Wajapani kuivamia sehemu hiyo, na sasa anaimba katika nyumba za chai ili watu wanaojiita walezi wake wapate fedha. Dirisha lake linatazamana na la kijana mpiga tarumbeta, ambaye anachezwa na Zhao Dan, na kati yao upo uchochoro mwembamba tu. Kijana anachukua fidla ya Kichina ya nyuzi mbili, anapiga, naye binti anaimba kutoka ng'ambo ya pili.

DADA: Mimi moyo wangu hubaki katika nyumba ya chai. Ameletwa kuimba mbele ya wateja bila kutaka, na muda wote anaoimba vidole vyake vinaichezea ncha ya msuko wake, anaisokota na kuiachia, anaisokota tena, huku uso wake ukionyesha wazi kwamba hayupo pale. Wimbo unapita katika majira manne ya mwaka, na picha zinauacha uso wake na kutuonyesha vita na nchi aliyoihama, kisha zinarudi kwake, naye bado ameshika msuko uleule. Hajapaza sauti hata mara moja, lakini mtazamaji amekwisha kuelewa kila kitu.

KAKA: Mtunzi wa muziki, He Lüting, alizichukua tuni mbili za kienyeji za Suzhou akazitengeneza upya, na mshairi Tian Han akaandika maneno. Filamu ilitoka Julai 1937, mwezi uleule ambao vita kamili kati ya China na Japani vilianza, na mwezi uliofuata mapigano yakafika Shanghai yenyewe. Kwa hiyo watu waliokuwa wakifunga mizigo na kuyahama makazi yao walikuwa na wimbo wa binti asiye na kwao.

DADA: Na hapa ndipo ninapotaka wasikilizaji wetu wasikie vizuri, kwa sababu binti asiye na kwao hakuwa wa kubuni tu. Zhou Xuan alizaliwa Changzhou, katika jimbo la Jiangsu, mwaka 1920 kwa mujibu wa wengi, ingawa wengine hutaja 1918. Akiwa mdogo sana, mjomba wake aliyekuwa mtumwa wa kasumba alimchukua kwa wazazi wake na kumpeleka mbali. Akaangukia kwa familia ya Wang, wakamwita Xiaohong. Kisha akahamishiwa kwa familia ya Zhou huko Shanghai, akapata jina lao la ukoo. Alipokuwa mtu mzima na jina lake limeenea kila mahali, aliandika kwamba maisha yake ya kabla ya umri wa miaka sita hakuyajua, wala hakujua yeye ni mtoto wa nani.

KAKA: Subiri kidogo, dada. Ina maana Xiao Hong wa kwenye filamu ana jina ambalo mchezaji mwenyewe aliitwa utotoni.

DADA: Ndivyo ilivyo, na kila ninapomsikia Zhao Dan akiliita jina hilo kutoka dirishani, nashindwa kulisikia kama jina la mhusika peke yake.

KAKA: Jina Zhou Xuan alilipata akiwa msichana katika kikundi cha nyimbo na dansi cha Mingyue, maana yake mbalamwezi angavu, kilichoongozwa na Li Jinhui. Xuan ni jiwe zuri la jedi. Mwaka 1934 alishika nafasi ya pili katika shindano la waimbaji wa redio mjini Shanghai, na tangu hapo akaitwa Sauti ya Dhahabu. Tuieleze sauti hiyo, kwa sababu haikuwa nzito wala ya nguvu. Ilikuwa nyembamba na laini, ambayo pengine isingefika safu za nyuma za ukumbi, lakini wakati huo kipaza sauti kilikuwa kimeingia studioni, naye alijifunza kukisogelea na kuimba kana kwamba anamweleza jambo mtu mmoja aliyeketi karibu naye. Waimbaji wengi wa siku zile bado waliimba kwa ajili ya jukwaa. Zhou Xuan aliimba kwa ajili ya redio na santuri.

DADA: Santuri hizo zilitolewa na Pathé ya Shanghai, na jengo la matofali mekundu la kampuni hiyo bado limesimama katika bustani ya Xujiahui. Nitaje jambo moja linalotugusa sisi: mwaka 1931 Pathé iliingia katika kampuni ya EMI pamoja na HMV, kampuni nyingine ya santuri, ambayo mwaka 1928 ilikuwa imemrekodi Siti binti Saad kule Bombay.

KAKA: Umaarufu haukumpa utulivu. Mwaka 1938 aliolewa na Yan Hua, mwimbaji na mtunzi mwenzake wa Mingyue, na ndoa ikavunjika mwaka 1941 huku magazeti yakiianika. Mwaka huohuo wasomaji wa gazeti moja walimpigia kura kuwa malkia wa filamu, naye akaandika gazetini kwamba haupokei ufalme huo. Ninamheshimu sana kwa barua ile.

DADA: Baada ya vita alifanya kazi Hong Kong. Filamu ya Chang Xiang Si ya mwaka 1947 ilitoa nyimbo mbili ambazo hazijazeeka hadi leo, Ye Shanghai na Huayang de Nianhua, zote za mtunzi Chen Gexin na mwandishi Fan Yanqiao. Ule wa pili unaanza kwa kusifu ujana, uzuri na nyumba yenye upendo, kisha ghafla unataja kisiwa cha upweke kilichofunikwa na mawingu ya huzuni. Wasikilizaji wa wakati ule walijua ni kisiwa gani: ni sehemu za Shanghai zilizokuwa chini ya mataifa ya Magharibi, zilizozingirwa na jeshi la Japani tangu 1937 hadi 1941. Mwaka 2000 Wong Kar-wai, mwongozaji wa filamu wa Hong Kong, aliutumia katika filamu yake iliyobeba jina la wimbo huo kwa Kichina: mume aliye safarini Japani anaomba redio impigie mkewe wimbo huo siku yake ya kuzaliwa, na mke anausikiliza akiwa amekaa peke yake.

KAKA: Mwaka 1948 alicheza filamu ya Qing Gong Mi Shi, akiwa suria Zhen, kipenzi cha mfalme Guangxu wa China, anayetupwa kisimani kwa amri ya Cixi, malkia mama aliyeshika madaraka. Mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, filamu hiyo ilishambuliwa hadharani kuwa ya kihaini, lakini yeye hakuwepo kuyaona hayo.

DADA: Alirudi Shanghai mwaka 1950. Mwaka uliofuata, akiwa anaigiza filamu ya Heping Ge, yaani Njiwa wa Amani, akili yake ilielemewa na kazi ile haikukamilika. Sehemu kubwa ya miaka iliyobaki alikuwa hospitalini. Mwaka 1957 alikuwa amepata nafuu, na waliompenda walianza kutumaini kwamba ataimba tena, ndipo alipopatwa na ugonjwa wa kuvimba ubongo, unaoitwa ensefalaitisi, na kufariki tarehe 22 Septemba.

KAKA: Bila kuwajua wazazi wake.

DADA: Bila kuwajua. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Su Pu, na sisi tunalijua leo kwa sababu watu waliendelea kuulizauliza Changzhou baada ya yeye kuzikwa.