Kazi Inayotangulia Mchoro

Habari za mchana, ndugu zangu wa mwaka wa mwisho. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuitafutia wateja ofisi ya wasanifu majengo. Mimi sichori. Mama yangu huwaambia majirani kuwa mwanawe ni dalali, nami nimeacha kubisha. Ila dalali akishapata cha juu haonekani tena, na mimi mteja ananipigia hadi siku ya kukabidhiwa jengo.

Mteja wetu wa kawaida ana kiwanja Kariakoo, mara nyingi cha urithi. Anataka ghorofa: fremu chini, stoo katikati, apatimenti juu. Kwenye simu ana picha ya jengo la Dubai. Msanifu kijana akiiona, mkono unamwasha. Mimi nauliza hati ina jina la nani. Kama ni la marehemu, hatugusi kalamu mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi na ndugu wawe wamekaa wakaelewana. Kisha nauliza muda uliobaki. Ardhi yetu ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Hati ni ya miaka 33, 66 au 99, na benki haikopeshi bila kuhesabu imebaki mingapi.

Halafu swali ambalo wengi wenu hamtaliuliza: unapangisha au unauza?

Jibu lake ndilo linalopanga mchoro. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iliwezesha kila apatimenti iwe na hati yake. Anayeuza basi lazima ajue mapema mipaka ya kila nyumba, na kwamba ngazi, lifti, paa na maegesho ni mali ya wote. Luku, yaani mita ya umeme, kila mlango, mita ya maji kila mlango. Mwenye kupangisha anaweza kuishi na tangi moja na kugawa bili mwenyewe. Ukigundua hayo nguzo zimeshasimama, unavunja kuta.

Asiye raia ana njia yake: Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Akija na hati ya jina lake aliyouziwa kienyeji, mwiteni mwanasheria kabla ya chai.

Zabuni za serikali nisiwachoshe. Siku hizi ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na cheti kimoja kikikosekana umeshatoka. Muajirini mtu anayependa mafaili.

Dada wa nyuma ameuliza: mteja akigoma kulipia upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utalipa? Tunamwonyesha hesabu ya ukurasa mmoja, bure: gharama ya ujenzi, riba, kodi ya fremu za mtaa uleule. Bei za kodi hizo nazikusanya mwenyewe kwa miguu, nikitazama na fremu zilizofungwa miezi. Akiendelea kugoma, tunaagana vizuri. Wengine hurudi baada ya benki kuwauliza maswali yaleyale.